Tunaogopa chaja ya kasi bure, betri ya gari inaishia kwenye kupaki imejaa

#1 Taa_Kijani
Wakuu salaam, uzi ni mrefu kidogo mnivumilie.

Nina gari ya umeme mwaka wa nne sasa, betri yake kilowati-saa 60, na tangu siku ya kwanza chaja ya kasi naiogopa kama ugonjwa. Nikikuta chaja ya DC, yaani hiyo ya kasi, njiani napita kama siioni, najikaza mpaka nyumbani nachomeka ile ya kilowati 7 polepole, najiona mtu mwenye akili. Wiki iliyopita nikaazima kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, nikapima afya ya betri, yaani uwezo uliobaki ukilinganisha na ilipokuwa mpya, ikaja asilimia 87. Mwenzangu kazini ana gari ileile ya mwaka uleule, kilomita zake karibu mara mbili ya zangu maana yeye yuko barabarani kutwa, anachaji kwa kasi bila aibu yoyote, tukapima yake ikaja 92. Nimekaa siku mbili sina raha. Mimi niliyekuwa naibembeleza ndo nimepoteza zaidi?

Basi nikaanza kujichunguza. Kwa siku natumia kama asilimia 20 tu. Nafika nyumbani saa moja jioni nachomeka, limiti nimeweka 100 kwa sababu ndo ilivyonijia kichwani, yaani simu si tunajaza? Asilimia 20 ya 60 ni kilowati-saa 12, chaja ya 7 inazirudisha kwa saa mbili hata hazifiki, kwa hiyo saa tatu usiku gari imejaa. Inakaa imejaa mpaka saa moja asubuhi. Wikendi sitoki, imejaa, imepaki juani. Nikapiga hesabu ya miaka minne nikagundua gari yangu imekaa kwenye 100 masaa mengi kuliko ilivyotembea, mengi mno hata kulinganisha ni aibu.

Nilichoelewa baada ya kusoma soma ni hivi. Betri ya lithiamu inazeeka kwa kutumika na inazeeka pia kwa kukaa tu. Ile ya kwanza wote tunaijua, ya pili haisemwi sana. Ukiijaza mpaka juu, kila seli kwa hizi betri za nikeli inafika karibu volti 4.2 na hapo kemia ya ndani haitulii, kuna kautando kanajijenga juu ya grafiti upande wa hasi, kanaendelea kunenepa na kadri kanavyonenepa kanameza lithiamu ambayo ndo ilikuwa inakubebea umeme. Joto linaongeza kasi ya hayo yote. Sasa mimi nilikuwa naipa vyote kwa pamoja, imejaa, iko juani, siku mbili nzima.

Hoja yangu ni hiyo, wanaojua zaidi nipingeni.

#2 jirani_wa_pili
Pole mkuu. Ila 87 mbona mtu mzima huyo, simu yangu ina 74 na tunaishi nayo vizuri tu.

#3 fundi wa usiku
Mkuu Taa umegusa penyewe ila kwanza nikutoe presha, hiyo 87 usiichukue kama cheti cha kuzaliwa. Kile kidude kinasoma makadirio ya kompyuta ya betri, na kompyuta yenyewe inakisia, ikikaa miezi haijaona betri ikishuka chini na kupanda tena vizuri inapotea kidogo. Pima gari zote mbili zikiwa zimechajiwa sawa na joto la betri linakaribiana, hapo ndo mlinganishe. Lakini hata tofauti ikipungua bado stori yako naiamini kwa sababu nimeiona kwa wengi, gari ya mzee mstaafu haitembei, inalala imejaa miaka, ukiipima unashangaa.

Geotab, kampuni ya kufuatilia magari, walichambua magari ya umeme kwa maelfu, ripoti yao ya 2024 ikasema betri inapoteza wastani wa asilimia 1.8 kwa mwaka. Wewe 13 kwa miaka minne ni zaidi ya 3 kwa mwaka. Jamaa yako 8 kwa miaka minne, yaani 2, yupo kwenye kundi la kawaida tu hajafanya maajabu. Na kumbuka mwaka wa kwanza betri huwa inashuka haraka halafu inatulia, kwa hiyo mwenye gari mpya akiona imeshuka 3 mapema asipige kelele.

Kitu kingine ambacho watu hawakielewi, umeme uleule unaweza kuutumia sehemu tofauti za betri na gharama kwa betri ikawa tofauti. Unatumia 20 kwa siku. Ukizunguka kati ya 80 na 100, au kati ya 50 na 70, kilomita ni zilezile, ila huko katikati betri inapumua. Kwa matumizi yako ningeweka limiti 70 nikaisahau. Na kwenye menyu ya kuchaji tafuta muda wa kuondoka, weka saa moja kasorobo asubuhi, gari yenyewe itapanga ianze saa ngapi ili imalize karibu na wewe kutoka. Watu wana hiyo menyu miaka mitatu hawajawahi kuifungua.

#4 Mama Gia
Naomba kuuliza na msinicheke. Mimi nilisoma hayohayo ya 80 nikayashika kama sala, gari yangu tangu inunuliwe haijawahi kupita 80 hata mara moja. Mwezi uliopita niko njiani imeandika 14, nikasema nafika, mara ghafla 3! Haikushuka 13, 12, hapana, ilianguka. Ikaanza kutembea kama imechoka na watoto nyuma wanauliza mama vipi. Sasa mnavyosema limiti 70 naogopa. Mbona mimi niliyefuata sheria ndo nimeaibika?

#5 fundi wa usiku
Mama Gia hakuna wa kukucheka. Naomba uangalie kitabu cha gari au kwenye menyu, betri yako imeandikwa LFP? Niko karibu na hakika ndo hiyo.

LFP ni ya chuma na fosfeti, haina nikeli wala kobalti. Ni betri ngumu, ina mizunguko mingi, ila ina tabia moja ya kutia hasira. Volti yake huko katikati karibu haibadiliki. Kutoka kama 80 kushuka mpaka 20 kila seli iko palepale jirani na 3.3, sasa kompyuta inayojaribu kujua kimebaki kiasi gani ni sawa na mtu anayetaka kujua maji ya tangi kwa kuangalia nje wakati tangi halina kioo. Inabidi ihesabu tu, zimetoka ampea ngapi zimeingia ngapi, na hesabu ya hivo kila siku inapotoka kidogo kidogo. Mahali pekee inapoona wazi ni juu kabisa ikikaribia kujaa, au chini kabisa. Wewe hujawahi kuipeleka juu kwa hiyo imehesabu gizani miezi na miezi, siku imefika chini ikauona ukweli, ikaruka kutoka 14 kwenda 3. Betri haijafa mama, ni hesabu tu.

Ndo maana Tesla kwa magari yao ya LFP wanasema chaji mpaka 100 angalau mara moja kwa wiki, wakati yale mengine ya nikeli kwa matumizi ya kila siku wanasema bakia 80. Kampuni moja, ushauri tofauti, kwa sababu kemia tofauti. Mtu akikupa ushauri wa kuchaji bila kukuuliza betri yako ni ya aina gani, mshukuru tu endelea na safari.

#6 Mama Gia
Nimeangalia. LFP. 😭 Mwaka mzima.

#7 KasiTu
Mimi ndo yule mtu wa chaja za kasi mnayemsema, siyo mwenzake Taa lakini wa aina hiyohiyo. Zaidi ya nusu ya chaji zangu zote ni DC kwa sababu sina sehemu ya kuchomeka nyumbani. Watu wamenitabiria msiba tangu nanunua.

Recurrent, kampuni inayofuatilia betri za magari ya umeme, mwaka 2023 walichukua Tesla zaidi ya elfu 12 wakalinganisha zinazochajiwa kwa kasi zaidi ya asilimia 90 ya mara zote na zile zinazochajiwa kwa kasi chini ya asilimia 10, hawakuona tofauti ya maana kwenye umbali zinaotembea. Kabla ya hapo maabara ya Idaho Marekani ilichukua Nissan Leaf nne za 2012, mbili zikichajiwa polepole mbili kwa kasi, wakaziendesha huko Phoenix kwenye jua kali. Baada ya kilomita kama 80,000, zile za chaja ya kasi zilikuwa zimepoteza zaidi lakini kwa asilimia chache tu, joto la ule mji lilizipiga zote nne.

Na kuna utafiti wa chuo kikuu cha Stanford wa mwisho wa 2024 ambao ulinifurahisha roho. Maabara nyingi zilikuwa zinapima betri kwa kuimaliza umeme kwa mwendo mmoja, wao wakaipima kama gari halisi inavyotembea, kanyaga, achia, breki inarudisha umeme, simama kwenye taa. Betri za namna hiyo zikaishi mpaka asilimia 38 zaidi. Kwa hiyo foleni inayokuudhi betri haina habari nayo.

Mimi sifa yangu moja, nikifika 70 au 80 nachomoa naondoka. Siyo kwa upendo wa betri, ni kwa sababu baada ya hapo chaja inakuwa ya kinyonga na kuna mtu nyuma yangu ananikodolea.

#8 Mwalimu_Ampea
KasiTu hapo mwisho umesema jambo kubwa kwa mzaha. Kwa nini inakuwa ya kinyonga? Fikirieni basi tupu. Abiria wa kwanza wanaingia mbio wanakaa popote. Basi likishajaa robo tatu kila anayeingia anatafuta siti, anapita katikati ya watu, na ukiwasukuma kwa kasi ileile watabanana mlangoni. Lithiamu nazo zinaingia kwenye grafiti hivohivo, zikisukumwa kuliko uwezo wa kuingia zinaganda nje kama chuma, na iliyoganda mara nyingi hairudi tena kufanya kazi. Gari inapunguza kasi ili hilo lisitokee.

Baridi inafanya mlango wa basi uwe mwembamba. Chini ya nyuzi sifuri kuchaji kwa nguvu ni hatari kwa seli, ndiyo maana gari ya kisasa inapasha betri kwanza. Wengi hawajui kwamba ukiiweka ile chaja kwenye ramani ya gari kama mwisho wa safari, gari nyingi zinaanza kuandaa betri ukiwa bado njiani. Ukienda kwa kukariri njia unafika betri baridi, halafu unalaumu chaja.

Ila tusiseme chaja ya kasi haina neno kwa kila mtu. Hiyo Leaf aliyoitaja KasiTu haina maji ya kupozea betri, inategemea hewa tu. Geotab kwenye uchambuzi wao wa mwanzo walilinganisha Leaf ya 2015 na Tesla Model S ya 2015 yenye kupozwa kwa maji, Leaf ilikuwa inapoteza wastani wa 4.2 kwa mwaka na Model S 2.3. Mwenye gari isiyo na maji, akichaji kwa kasi mara tatu siku moja ya joto, betri haipati nafasi ya kupoa kati ya chaji na chaji. Huyo asisome uzi huu akaondoka na kichwa cha habari peke yake.

#9 Taa_Kijani
Nakubali mwalimu, kichwa cha uzi nilikiandika nikiwa na hasira.

#10 jirani_wa_pili
Mi nilifundishwa betri lazima uimalize mpaka sifuri mara moja moja ili isisahau ukubwa wake. Au hiyo nayo imefutwa?

#11 fundi wa usiku
Hiyo ilikuwa ya betri za nikeli na kadimiamu za enzi zile za redio na simu kubwa kama tofali. Lithiamu haina huo usahaulifu. Kuipeleka sifuri makusudi ni kuitesa tu, na ukiipeleka sifuri halafu ukaiacha hapo siku kadhaa ndo vibaya zaidi.

#12 SinaPresha
Samahanini naingia na mguu wa kushoto. Nyinyi mnanikumbusha wale watu wa kochi jipya, linafunikwa nailoni miaka kumi, mgeni akikaa linalia kwarakwara, siku nailoni inatolewa kochi limeshapitwa na wakati. Umenunua kilomita 400. Unajinyima 80 zako kila siku ya maisha yako ili baada ya miaka minane usipoteze kilomita 20. Si umeshazipoteza tayari tangu siku ya kwanza? Gari nyingi betri ina waranti ya miaka 8 au kilomita 160,000, ikishuka chini ya 70 ndani ya hapo wanakubadilishia au wanarekebisha. Mimi najaza 100, nalala, siulizi.

#13 Taa_Kijani
SinaPresha ya kochi nimecheka nimemwaga maji kwenye kibodi. Ila mbona haufanani na mimi, mi sijinyimi kitu. Natumia asilimia 20 kwa siku! Zile asilimia 80 zilizobaki zilikuwa zimelala tu zinazeeka, sizitumii, sizioni. Siku nikiwa na safari najaza 100 usiku huohuo nakanyaga asubuhi, hakuna aliyenikataza. Ningekuwa nakata kilomita 300 kila siku ningejaza kila siku na nisingefungua huu uzi.

Kuhusu waranti, hiyo 70 ndo penyewe pa kuangalia. Ikishuka mpaka 71 hawakupi chochote, na ukitaka kuuza mnunuzi anakuja na kidude chake cha OBD.

#14 SinaPresha
Hapo kwenye kuuza umenipata kidogo. Kidogo.

#15 nje_ya_ratiba
Wakuu mimi nasafiri miezi miwili, gari inabaki nyumbani haina mtu. Nijaze niondoke? Au niiache imechomekwa? Na kuna ekstensheni hapa ndefu inafika mpaka uani nadhani itafaa.

#16 fundi wa usiku
Ekstensheni tuanze na hiyo kwa sababu ndo itakayokuunguzia nyumba kabla hatujafika kwenye betri. Soketi ya kawaida ukutani imezoea pasi dakika kumi, siyo kilowati 2 au 3 masaa kumi na mbili mfululizo kila usiku. Nimeshatoa plagi ukutani kwa koleo, imeyeyuka imeshikana na soketi, mwenye gari anasema mbona ilikuwa inachaji vizuri. Ekstensheni iliyoviringishwa ndo mbaya kabisa, joto linabaki kwenye duara halina pa kutokea. Baada ya saa moja ya kuchaji gusa plagi kwa mkono, ikikuunguza acha. Na kuchaji kwa plagi ndogo kunapoteza umeme zaidi, kwa sababu kompyuta na pampu za gari zinakuwa macho muda wote huo mrefu na zinakula sehemu ya kile kidogo kinachoingia. Kwa afya ya betri polepole ya kilowati 2 na polepole ya 7 hazina tofauti ya kukosesha mtu usingizi, kwa betri ya 60 zote mbili ni kama kunyunyizia.

Safari yako sasa. Usijaze. Iache kwenye 50 au 60, kivulini kama kuna kivuli. Gari ikiruhusu kuchomekwa na limiti ya 50 chomeka, kwa soketi ya maana, la sivyo iache bila. Zima kamera za ulinzi na uache kuifungua kwenye simu kila siku kuona inaendeleaje, kila ukiichungulia unaiamsha na inakula umeme. Nissan kwenye kitabu cha Leaf wanaonya usiiache zaidi ya siku 14 ikiwa sifuri au karibu na sifuri, na usiiweke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 49 kwa zaidi ya saa 24. Ni gari moja hiyo ila sababu ni zilezile.

Na mnaisahau ile betri ndogo ya volti 12. Mtu anarudi safari betri kubwa ina 55 gari haifungui mlango, anapiga simu analia betri imekufa. Ni kale kadogo.

#17 nje_ya_ratiba
Ekstensheni nimeirudisha stoo. Asante mzee.

#18 Mwalimu_Ampea
Niongeze moja kwa wanaobishana kama 80 ya skrini ni 80 kweli. Watengenezaji wengi wanaficha sehemu ya betri juu na chini, kwa hiyo 100 unayoiona siyo mwisho wa seli na sifuri siyo sifuri. Ukubwa wa hiyo akiba unatofautiana gari na gari. Kwa hiyo usiogope siku moja ukifika 100, wala usitegemee akiba ya chini kukufikisha nyumbani, muulizeni Mama Gia.

Na 100 ina adha yake ndogo ya barabarani, betri imejaa haina pa kupokea umeme wa breki, kwa hiyo asubuhi unaachia pedali gari haipungui kama ulivyozoea. Mwenye mteremko nje ya geti ajue.

#19 Taa_Kijani
Mrejesho wa wiki tatu. Limiti 70, muda wa kuondoka nimeweka, na nimebadilishana sehemu ya kupaki na baiskeli na matofali yaliyokuwa yamekaa kivulini miaka yote huku gari ya bei iko juani, sijui nilikuwa nafikiria nini. Nikaishusha mara moja mpaka 15 nikaijaza 100 ikiwa na safari, nikapima tena. 89!

#20 fundi wa usiku
Usidhani imepona. Kautando hakarudi nyuma. Ni kompyuta imeona juu na chini ikarekebisha hesabu, 89 ndo ilikuwa 89 tangu mwanzo au karibu na hapo.

#21 Taa_Kijani
Mzee ungeniacha nifurahi japo mpaka kesho.

#22 Mama Gia
Yangu nimeijaza 100 mara mbili sasa wiki mbili mfululizo, ikashuka vizuri namba moja moja kama inavyotakiwa. Swali la mwisho, kama LFP inapenda 100 si niiache tu hapo kila siku kama SinaPresha?

#23 fundi wa usiku
Haipendi mama, inavumilia. Utafiti wa chuo kikuu cha Dalhousie kule Kanada umeonyesha hata LFP inachakaa haraka zaidi ikizungushwa huko juu karibu na kujaa, hasa kwenye joto. Ile 100 ya kila wiki ni kwa ajili ya kompyuta ipate kuona, siyo kwa ajili ya seli.

#24 Mama Gia
Kwa hiyo nichague siku?

#25 fundi wa usiku
Siku yoyote unayotoka mapema. Panga imalize wakati unatafuta funguo.

#26 Mama Gia
Funguo zangu huwa nazitafuta nusu saa.

#27 fundi wa usiku
Nusu saa haina neno.